Namba Hamsini Haikuitika

3 Machi

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini u mzima, na lile sikio la kushoto bado limegoma kazi kama kawaida yake. Mimi sijambo, ila mabega yanauma kwa kupanda ngazi za paa. Na goti lako? Baba mdogo amekuja kukutazama tangu ulipoanguka, au bado mnanuniana?

Uliniuliza ni kazi gani hasa nafanya hapa hospitali, ukasema "kompyuta" si jibu. Haya, nikueleze fundi kwa fundi.

Hospitali yetu iko pande mbili za barabara. Chini kuna ofisi na majengo ya zamani, juu kilimani kuna wodi ya watoto. Waya uliounganisha pande hizo ulifukiwa chini ya barabara, na mwezi uliopita katapila likaukata. Nikaambiwa nifunge daraja la mawimbi: antena mbili kama sahani, moja paa la huku, nyingine paa la kule, zinatazamana na kusemezana bila waya.

Kuzifunga si kazi. Kazi ni kuzipa anwani, hizo namba ambazo sisi mafundi tunaziita IP. Mwanzo wa namba ni mmoja kwa hospitali nzima, kama jina la mtaa, na namba ya mwisho ndiyo mlango. Milango miwili ikipewa namba moja, ujumbe unahangaika, mara uende huku, mara kule. Antena zenyewe zinatoka kiwandani zote na anwani ileile, kama mapacha wa mama mvivu aliyetafuta jina mara moja. Kwa hiyo unawasha moja, unaipa namba yake, ndipo unawasha ya pili. Ya chini niliipa arobaini na tisa, ya kilimani hamsini.

Fundi aliyenitangulia hakuacha daftari lolote. Basi kabla ya kuigawa kila namba nilibisha hodi, yaani nilituma ujumbe mdogo kwenye mlango huo, kama kuna mashine iitike. Hamsini haikuitika, nikaichukua.

Mganga mkuu amenipa mkono mbele za watu. Ila kuna jambo dogo. Getini kuna kibanda cha Mzee wa Mitungi, anayetunza oksijeni. Ana ubao unaomwonyesha presha ya oksijeni iliyoko stoo ya kilimani, na presha ikishuka kengele inalia, naye anakimbia kubadilisha mtungi. Anasema tangu nifunge daraja ubao wake unasinzia, namba inaganda palepale kisha inaruka. Nimekagua antena mara mbili, sioni kosa. Naogopa kidogo, si sana.

Binti yako,
Kitinda

11 Machi

Kitinda wangu,

Marahaba. Mimi ni mzima. Goti linalalamika kila asubuhi, sikio halilalamiki maana halijui kinachoendelea. Heri tunaandikiana, kwenye simu ungepiga kelele mpaka wagonjwa waamke.

Huo ubao usiuache. Miaka thelathini nimepanda nguzo za simu, na kosa linalokuja na kuondoka ni baya kuliko lile lililokaa. Lililokaa angalau linakusubiri.

Nina swali moja. Hiyo hamsini uliibishia hodi mara ngapi? Nyumba isiyoitika si lazima iwe tupu. Mwenyewe anaweza kuwa ametoka, amelala, au ni kiziwi kama baba yako. Sisi hatukumpa mtu laini kwa sababu ilikuwa kimya. Tulifuata waya kwa miguu hadi mwisho wake, tukaona kwa macho. Tembea mashine kwa mashine, uandike daftari. Usingoje barua nyingine kutoka kwangu.

Baba mdogo wako hajaja. Usiniulize habari zake.

Baba

16 Machi

Baba,

Shikamoo. Sitauliza goti leo, nisamehe.

Barua yako imefika asubuhi hii. Imenikuta siku mbili baada ya jambo lenyewe.

Tarehe kumi na nne, saa tisa alasiri, watoto wanne walikuwa kwenye oksijeni. Mtungi ukaisha, presha ikashuka, na kengele ya kibandani haikulia. Dakika kumi na moja. Muuguzi mmoja ndiye aliyeona midomo ya mtoto wa miezi saba inabadilika rangi. Akakimbia mwenyewe hadi stoo, akafungua mtungi wa akiba. Watoto wote wamepona, na yule mdogo wanasema ananyonya vizuri. Nimekwenda kuchungulia dirishani mara tatu kuhakikisha.

Niliposikia nilipanda kilima mbio. Nyuma ya mlango wa stoo kuna kisanduku cheupe kinachopima presha na kuituma kwenye ubao. Nilikuwa sijawahi kukiona, kwa sababu mlango ukiwa wazi unakifunika. Nikasoma kibandiko chake. Hamsini.

Siku niliyobisha hodi, stoo ilikuwa inapakwa rangi, na wapaka rangi walikuwa wamechomoa plagi. Kisanduku kilikuwepo, Baba, kilikuwa tu kimezimwa. Walipomaliza wakakichomeka, kikarudi kwenye namba yake, kikanikuta mimi nimeshahamia. Tangu siku hiyo ubao ulikuwa ukiuliza presha mlango wa hamsini, mara kinajibu kisanduku, mara swali linafika kwenye antena yangu isiyojua chochote kuhusu oksijeni. Usipojibiwa unaendelea kuonyesha namba ya mwisho iliyokuwa nzuri.

Sasa nisikilize nilichofanya. Nilikaa juu ya ndoo ya rangi, nikakosea neno la siri mara mbili, nikabadilisha antena yangu kuwa sabini na moja. Hazikupita dakika tatu. Sikumwambia mtu. Nilisema moyoni nitamwambia mganga mkuu kesho.

Kesho yake kamati ya uchunguzi ikaja kujaribu kengele. Ikalia vizuri ajabu. Mzee wa Mitungi amesimama pale anaapa kwamba siku ile haikulia, wao wanamtazama, mmoja anaandika. Sasa wanasema alisinzia kazini na anadanganya. Nimeitengeneza kimya kimya, na kwa hilo nimemfanya mzee wa watu mwongo.

Kamati inakaa tarehe mbili Aprili kumfukuza. Bado miaka miwili astaafu.

Naogopa, Baba. Chakula hakipiti. Simu ya ofisini ikilia naruka. Sijui kama ni kufukuzwa tu au ni polisi, sijui wazazi wa yule mtoto watanifanya nini. Niambie ninyamaze. Ukiniambia ninyamaze nitanyamaza.

Kitinda

27 Machi

Baba,

Shikamoo. Sijapata jibu. Au barua yangu haikufika? Au unaumwa?

Leo Mzee wa Mitungi amenisimamisha getini. Akaniambia, "Mwanangu, ahsante kwa kuutengeneza ubao, sasa hausinzii tena." Ameshaambiwa tarehe ya kamati, na bado ananishukuru. Nikamjibu karibu.

Nimefanya ulilosema. Nimetembea jengo kwa jengo, nimeangalia kila ruta, kila printa, kila kisanduku nyuma ya kila mlango, nimeandika. Ziko mashine mia moja na kumi na mbili. Daftari limejaa, lakini mdomo bado umefungwa.

Bado siku sita. Niandikie hata mstari mmoja.

Kitinda

28 Machi

Mwanangu,

Sijaumwa. Barua yako ilifika tarehe ishirini. Nimeandika majibu matatu nikayachana yote. Hili la nne nitalipeleka posta kabla sijalisoma tena.

Naijua hofu unayoniandikia. Nimekula nayo meza moja miaka ishirini na miwili.

Ulikuwa darasa la pili. Nilitumwa kuhamisha laini ya mkunga, mvua inakaribia, nina haraka ya kushuka. Nikaona jozi ya nyaya iko kimya, nikadhani haina mtu, nikamuunga mkunga humo. Kumbe ilikuwa ya duka, na simu za mkunga zikawa zinaishia huko. Kesho yake mama mmoja alishikwa na uchungu, mumewe akapiga simu kumwita mkunga. Kengele ikalia dukani, na duka lilikuwa limefungwa. Mama alipona. Mtoto hakupona.

Alilaumiwa aliyekuwa zamu kwenye ubao wa kuunganisha simu. Walisema alizembea, hakuunganisha. Aliyekuwa zamu ni baba mdogo wako.

Mimi nilikuwa nimesharudi kwenye ile nguzo, nikazitenganisha zile nyaya, nikashuka, nikaenda nyumbani kula. Jioni akaja akaniuliza mara moja tu, "Kaka, laini ilikuwa sawa?" Nikamwambia ilikuwa sawa. Wakamfukuza. Hajakanyaga kwangu tena, na wewe umekua ukidhani ana kiburi. Nami nimekuacha udhani hivyo, kwa sababu ilinifaa.

Wanasema mficha maradhi kifo humuumbua. Mimi sikuumbuliwa, Kitinda. Nilipewa cheti cha utumishi mwema na saa ya ukutani. Kila ikigonga namuona mdogo wangu amesimama mlangoni ananiuliza.

Umeniomba nikuambie unyamaze. Sina ruhusa hiyo kwako. Sema. Wakikufukuza, rudi, chumba chako kipo na nitakitoa vumbi. Wakikufunga, nitakuja na goti langu hivihivi. Lakini sema, na umtazame yule mzee usoni unapolisema.

Baba yako, ukitaka bado kuniita hivyo

4 Aprili

Baba,

Shikamoo, Baba.

Barua yako niliipokea tarehe mbili saa nne kasoro, naingia kwenye kamati. Nikaitia mfukoni bila kuifungua. Nikuambie ukweli, niliogopa umeniambia ninyamaze, maana ningekutii.

Walikuwa watano mezani. Mzee wa Mitungi alikaa kwenye kiti cha pembeni, kofia juu ya magoti. Katibu akaanza kusoma makosa yake. Nikasimama. Nilikuwa nimepanga maneno mazuri, yakanikimbia yote, nikasema, "Kengele haikulia. Anasema kweli. Ni mimi."

Katibu akauliza, "Na siku zote hizi ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa naogopa."

Hawakuniamini. Mmoja akasema namhurumia mzee. Ikabidi niwaonyeshe. Watoto wakahamishiwa kwanza kwenye mitungi ya kando ya vitanda, muuguzi akasimama stoo mbele ya kipimo, ndipo nikairudisha antena yangu hamsini. Kamati nzima imebanana kwenye kile kibanda. Muuguzi akafunga valvu, akatusomea kipimo kwa simu. Kipimo cha stoo kikashuka hadi sifuri, na ubao mbele yetu ukaendelea kuonyesha presha nzuri. Tukakaa hivyo, tunangoja kengele isiyolia. Nikabadilisha namba, na mara ikalia, nasi sote tukashtuka.

Mzee anabaki kazini. Mimi nimesimamishwa, uamuzi utatoka baada ya wiki tatu, na wazazi wa mtoto wataambiwa. Daftari langu wamelichukua. Bado naogopa, ila sasa usiku nalala.

Nje nilimfuata Mzee wa Mitungi. Akaniambia, "Siku kumi na tisa mke wangu ananitazama kama mlevi. Leo siwezi kukusamehe. Kesho unisalimie, tuone." Nilimsalimia kesho yake. Akaitikia kwa kichwa tu.

Barua yako niliisoma ukumbini, nimesimama, watu wananipita na machela. Sijui nikuambie nini. Nimekasirika sana na bado nakupenda, vyote viwili vimo humu ndani. Nimemchukia baba mdogo tangu utoto kwa kosa lako. Kwenye harusi ya dada hata mkono sikumpa.

Mimi nimeshakaa mbele ya kamati yangu, Baba. Yako bado. Na usiniambie goti.

Kitinda

12 Aprili

Kitinda wangu,

Marahaba. Natumaini unakula sasa.

Nilimwandikia barua baba mdogo wako siku ileile niliyokuandikia wewe, kurasa mbili, kila kitu. Hakujibu. Wiki mbili nimekwenda posta kila siku mpaka karani ananiona kwa mbali anatikisa kichwa. Ilipofika barua yako, nikachukua fimbo, nikaja.

Naandika karatasi ikiwa juu ya paja, nimekaa kwenye benchi nje ya nyumba yake. Nyumba ni ndogo, imepakwa chokaa, viatu vya mtu mmoja viko mlangoni. Nyayo zake zimezeeka kama zangu, kiatu cha kulia kimelika kisigino upande.

Nimebisha hodi mara tatu. Sikio langu unalijua. Kama ameitika, mimi sijasikia, na kama ameniambia niondoke, hilo nalo sijalisikia. Basi nimekaa natazama kitasa.

Kule kwenye nguzo sikuwahi kuogopa hivi. Nikimaliza mstari huu nitanyanyuka nibishe tena.

Baba