Kisomaji cha Vitabu Juu ya Sinia la Arusi

Moroni, Jumamosi, 16 Februari 2008

Nimeapa leo kukueleza kila kitu, hata yale ambayo hayanisaidii.

Mama Mdogo wangu mpendwa Saandia,

Assalaamu alaykum. Hujambo, na hali ya hapo Unguja ikoje? Kile kifua kilichokusumbua tangu Idi kimepoa? Baba Mdogo Daroueche hajambo? Na Kamilia, ameshaota meno ya mbele? Sisi hapa hatujambo. Mama anasumbuliwa na goti tu, lakini hakubali kukaa. Umeme unakatika kama kawaida, na mchele umepanda bei, ila tunakula na tunalala salama, alhamdulillahi.

Nakuandikia kwa Kiswahili kama marehemu bibi alivyonifundisha. Naïma hajui kukiandika. Anakielewa kidogo tu akisikia.

Huyo Naïma ndiye ninayetaka kukueleza habari zake. Ni miezi sasa tangu Mjomba Attoumane amlete bintiye huyo kutoka Mutsamudu, kule Nzwani, mambo ya kisiwa chao kujitenga yalipozidi kuwa mabaya. Alimwacha kwetu, akarudi kwao mtaa wa Hombo kuangalia nyumba, na tangu hapo vyombo vya kuvuka ni vya kubahatisha na simu mara inashika, mara haishiki. Redioni wanasema mazungumzo, sokoni wanasema vita. Naïma husikiliza vyote viwili, halafu huenda kufua nguo ambazo si chafu.

Najua hana pa kurudi kwa sasa. Kila mtu ananikumbusha. Ningefurahi siku moja apatikane mtu asiyenikumbusha.

Analala kwenye kitanda changu, upande wa dirisha. Mama humpakulia yeye kwanza kwa sababu ni mgeni. Mimi nilidhani ugeni una mwisho. Siku ile uliyopiga simu na kumwambia Mama kwamba baada ya mtihani wa Juni utamchukua msichana mmoja, asome hapo na aingie chuo cha kompyuta, Mama alikata simu akatutazama sote wawili. Alisema tu, "Tutaona." Kabla Naïma hajaja, Mama asingekuwa na haja ya kutazama pande mbili. Kwake wewe ni shangazi, kwangu wewe ni mama. Hilo nimelisema moyoni mara nyingi, na leo nalisema kwako.

Sasa nikueleze habari ya mashine, maana Mama atakusimulia kwa simu, na atakusimulia alivyoona yeye.

Unaikumbuka maktaba ya chama cha kina mama cha mtaa wetu, kile chumba kimoja karibu na kisima? Watu wetu walioko Marseille, Ufaransa, wametuletea kompyuta pamoja na kisomaji cha vibandiko. Ni bapa jeusi la plastiki, ukubwa wake kama kitabu kilichofunuliwa, na ndani yake mna antena. Kila kitabu hubandikwa kijikaratasi chenye waya mwembamba uliozungushwa kama konokono. Ukiweka kitabu juu ya bapa, hakihitaji kufunuliwa. Mawimbi ya redio yanakiamsha kile kibandiko, nacho kinataja namba yake, na kompyuta inaonyesha jina la kitabu na aliyekiazima.

Maelezo yote yalikuwa kwa Kifaransa kigumu. Mwalimu Nassur wa hesabu alinipa niyasome, kwa sababu kina mama walimwambia msichana mwenye subira ni mimi. Niliyasoma yote. Niliwafasiria kina mama kwa lugha yetu. Nilibandika vibandiko kwenye vitabu vyote vya rafu ya chini na nusu ya rafu ya juu. Mwalimu Nassur alipochomeka waya nyuma ya kompyuta, mimi ndiye niliyemwambia kwamba programu inatafuta kisomaji kwenye mlango usio wake, akaubadilisha. Naïma siku hizo alikuwa anatushikia taa tu.

Lakini unamjua Koko Zoubeda, bibi wa mtaa mzima na mkuu wa chama. Kwake hakuna zawadi inayoingia mtaani kimyakimya. Alisema mali ya Marseille ni ya heshima, lazima ipokewe kama mahari. Basi siku ya kuifungua, Alhamisi iliyopita, akaagiza sinia lake la arusi kutoka kwa dada yake aliyeko Ikoni, lile kubwa la shaba, likaletwa kwa teksi limefunikwa kitambaa cha kudarizi. Kisomaji kikawekwa juu yake, kikazungushiwa asumini, kikapitishwa uchochoroni kwa nyimbo na vigelegele, kikatuliwa juu ya meza pamoja na sinia lake. Waya ukavutwa, umeme kwa bahati ulikuwepo, taa ya kijani ikawaka. Chumba kilijaa mpaka mlangoni.

Mwalimu Nassur akaweka kitabu. Kimya. Akaweka kingine. Kimya. Akazima, akawasha, akachomoa waya, akauchomeka tena. Jasho likamtoka.

Nouriat, yule jirani yetu mwenye mdomo, akasema kwa sauti, "Labda nacho kimejitenga!" Watu wakacheka. Halafu akamgeukia Naïma, aliyekuwa ameshika taa umeme usije ukakatika. "Waulizeni wenzetu wa Mutsamudu, wao ndio mafundi wa kukata mawasiliano."

Naïma akamjibu palepale, tena kwa lahaja yao ya Nzwani, kwa sauti ili wote wasikie, "Dada Nouriat, ungekatwa wewe sauti, visiwa vyote vingepatana." Hata Koko Zoubeda alicheka. Mimi ningelia.

Mama Mdogo, mimi nilijua tatizo ni nini. Nilijua tangu kitabu cha kwanza. Kwenye maelezo, ukurasa wenye picha ya alama ya hatari, imeandikwa kwamba bapa lisiwekwe juu ya chuma wala shaba, kwa sababu madini hayo huyala mawimbi. Sinia ndilo lililokuwa linakula kila kitu. Ningesemaje? Mtoto wa mtaa, mbele ya wageni, amwambie Koko Zoubeda kwamba sinia lake la arusi ndilo linaloharibu? Wewe umelelewa hapa, unajua. Lingetolewa, lakini heshima yake ingetoka nalo, na Mama asingeweza kupita tena kwenye uchochoro ule.

Nikamnong'oneza Naïma, kwa sababu ndiye aliyekuwa karibu, "Ni sinia. Shaba inakula mawimbi."

Akanitazama kidogo tu. Kisha akaweka taa chini, akapiga goti mbele ya Koko Zoubeda, akasema kwa adabu ambayo sijui huwa anaificha wapi, "Koko, unisamehe mimi mgeni. Kwetu Mutsamudu, zawadi ikishafika nyumbani huteremshwa kwenye sinia, ikakalishwa juu ya mkeka. Ikiachwa kwenye sinia, tunasema bado iko njiani, haijafika kwa mwenyewe."

Koko Zoubeda akafikiri. Chumba chote kikafikiri naye. Kisha akasema, "Maneno mazuri. Kiteremsheni, kifike." Akavua asumini kwa mikono yake, sinia akalipakata mwenyewe mapajani, na kisomaji kikakalishwa juu ya mkeka uliokunjwa, kwenye meza ya mbao. Mwalimu Nassur akaweka kitabu. Kisomaji kikatoa mlio mdogo kama wa kifaranga, na jina likatokea kwenye kioo.

Vigelegele vilivyopigwa ungevisikia huko Unguja. Koko Zoubeda akambusu Naïma paji la uso, akatangaza kwamba huyu ndiye atakayekaa kwenye mashine kila alasiri, "mwenye akili na adabu pamoja." Naïma akasema, "Koko, Thouraya ndiye aliyejua." Alisema kweli, nilimsikia. Ila nilimsikia mimi peke yangu. Wengine walikuwa wanaimba. Mama alikuwa anafuta machozi, na si kwa ajili yangu.

Siwezi hata kumkasirikia vizuri, maana hakuniibia. Akikuibia mtu, unajua la kufanya.

Tuliporudi nyumbani nilimwuliza, "Ile desturi ya mkeka ni ya kweli?" Akajitupa kitandani upande wa dirisha, akacheka mpaka akakohoa. "Nitajuaje mimi? Arusi nilizohudhuria, nilikuwa jikoni nakuna nazi." Alikuwa ameitunga palepale, akiwa amepiga goti! Nilifikiri nikikuandikia hivyo utamwona mwongo. Sasa nimeshaandika, nikisoma tena, naona anazidi kupendeza. Mimi nilisoma kurasa zote, yeye alisoma uso wa Koko Zoubeda. Na mgeni anasamehewa maneno ambayo mtoto wa nyumba hasamehewi. Hilo ndilo linaloniuma zaidi, kwamba ugeni wake, ule ninaouona kama taabu yake, siku ile ulikuwa mlango, na mimi sina mlango kama huo katika mtaa niliozaliwa.

Tangu Alhamisi yeye hukaa kwenye kiti, mimi nabandika vilivyobaki. Jana kibandiko kimoja kilikataa kusoma. Akaniita mbele za watu, "Thouraya, njoo, hiki kinakutaka wewe." Nikaenda. Kilikuwa kimekunjika, nikabandika kingine. Watu walidhani ananituma.

Masomo yangu yanakwenda vizuri. Katika hesabu nimekuwa wa kwanza, Kifaransa wa pili. Wa kwanza katika Kifaransa si Naïma, ni msichana mwingine, nisije nikamsingizia.

Barua hii inaletwa na Bwana Irchad, mfanyabiashara wa vitambaa. Anafika Unguja Jumanne na atarudi Jumapili. Nimemwomba apite kwako kabla ya kuondoka. Tafadhali usinijibu kwa simu, kwa sababu simu ya Mama husikilizwa na nyumba nzima.

Msalimie Baba Mdogo Daroueche, umbusu Kamilia mashavu yote mawili, na umsalimie Bi Nafissa jirani yako aliyenipa kanga. Mama anakusalimu, na Naïma anakusalimu. Ameniona naandika, na hakuuliza naandika nini. Mwenyezi Mungu akuponye kifua, akupe riziki ya halali, na avikutanishe visiwa hivi kabla hatujazoea kutengana.

Sasa swali langu, Mama Mdogo, na unijibu kwa mkono wa Bwana Irchad hata kama jibu ni neno moja tu. Siku ile ulipompigia Mama simu, ulitaja jina la msichana unayemtaka, au ulisema msichana mmoja tu, yeyote?

Mwanao anayekupenda na anayengoja,
Thouraya