Gari la Injini Mbili kwenye Barabara ya Kongwa

Jumatatu, 4 Juni 2001

Kamati asubuhi, kikao mchana, faksi ya habari kwenda gazetini Dar kabla ya saa moja. Dodoma ni baridi na upepo, kama kila Bunge la bajeti.

Katikati ya hayo, maonyesho ya magari hotelini. Kampuni ni ile ile ya Kijapani iliyotuzoesha pikapu na saloon za familia. Sasa inataka mengine. Gari la kwanza jekundu, viti viwili, injini katikati, nyuma ya mgongo wa dereva. La mbio. Limeletwa juu ya lori, halijagusa vumbi. La pili la kijivu, haibridi: injini ya petroli na mota ya umeme zinasaidiana kuliendesha. Wakala wao, Bwana Shaweji, anasema linakula nusu ya mafuta ya saloon ya kawaida.

Mbunge mmoja mzee alifungua buti la jekundu, akalifunga. "Na gunia la mkaa nipakie wapi, bwana? Mapajani?"

Shaweji hakucheka. Mimi nilicheka.

Nimeomba la kijivu kwa siku moja, kwa ajili ya safu yangu ya magari. Nusu ya mafuta ni dai. Madai hupimwa.

Jumatano, 6 Juni

Kongwa na kurudi, na dereva wa wakala. Tanki lilijazwa hadi shingoni asubuhi. Tuliporudi likajazwa tena kituo kile kile, pampu ile ile. Lita kumi na nne. Saloon yangu kuukuu hunywa kumi na tatu na nusu kwa njia hiyo.

Daftarini nimeandika: injini ya petroli haikuzimika hata mara moja. Hata Mbande, tuliposimama kuwapisha ng'ombe. Shaweji alisema huzimika yenyewe gari likisimama.

Nimetuma nilichoona. Hitimisho: jekundu ni pambo, la kijivu ni porojo, kampuni ibaki na pikapu zake.

Jumatatu, 11 Juni

Safu ilitoka jana. Leo Shaweji amempigia mhariri kabla sijanywa chai. Anataka gazeti liombe radhi kwa "takwimu za kubuni". Wakala hununua tangazo la ukurasa wa nyuma kila Ijumaa.

Mhariri alinisomea kwenye simu radhi aliyokwisha kuiandika. Mistari mitatu.

"Dada, saini tu yaishe."

"Nimebuni kipi?"

"Si habari ya kubuni. Ni habari ya kuishi na watu."

Miaka ishirini na miwili kazini. Sijabuni hata hali ya hewa. Sisaini. Amenipa mpaka Ijumaa. Nisiposaini, safu anapewa mwingine.

Nimekasirika. Nimeandika habari ya kamati ya maji, nikala ugali na mlenda.

Jumanne, 12 Juni

Nimerudia hesabu. Ni zile zile.

Kinachonisumbua ni injini isiyozimika. Niliandika, sikuuliza kwa nini. Mwandishi mchanga ningemfokea.

Jumatano, 13 Juni

Makole, gereji ya wakala. Gari la kijivu lilikuwepo, na dereva wake. Fundi ni Ndahani, Mgogo wa Bahi, mikono myeusi hadi viwikoni.

"Mbukwa, mama," alinisalimia kwa Kigogo. "Wewe ndiye umelitukana gari letu."

"Ndiye. Uliligusa kabla sijapewa?"

"Kawaida tu. Nilitoa thamostati."

Hicho ni kidude kinachozuia maji ya rejeta yasipite mpaka injini ipate moto. Mji mzima huu unakitoa. Gari likifika kutoka bandarini, kazi ya kwanza ya fundi ni hiyo.

"Mjapani hajui jua letu," Ndahani alisema. "Ukiliacha na kile kidude linachemka kabla ya Chamwino."

Nilikuwa na kijitabu cha Shaweji mkobani. Kiko kwa Kiingereza. Nilimtafsiria mstari mmoja: injini ya petroli huzimika yenyewe ikishapata moto wake. Alifikiri, akijifuta mikono.

"Basi haikupata. Baridi hii ya Juni, na maji yanapita muda wote? Ilikuwa inatafuta moto mpaka Kongwa."

Alikirudisha kidude. Nusu saa. Tukatoka watatu kuelekea Chimwaga. Tuliposimama kupisha lori, injini ikanyamaza. Ndahani akanyoosha mkono kwenye ufunguo.

"Limekufa."

"Halijafa," dereva alisema, akakanyaga mafuta. Likaondoka kimya, kwa umeme.

Tuliporudi gereji Ndahani akaniomba nisimtaje. Nilimwambia simtaji. Kosa ni la kila gereji ya Dodoma, na mafundi walinifanyia hivyo hivyo gari langu, nikawashukuru.

Alhamisi, 14 Juni

Kongwa tena, njia ile ile, pampu ile ile. Lita saba na nusu.

Shaweji alikuwa sahihi, karibu kabisa. Mimi nilikosea. Namba zangu ni za kweli na siziombei radhi. Hitimisho lilikuwa baya, na nitalisahihisha mwenyewe, kwa jina langu.

Nilimpigia nikidhani atafurahi.

"Bibi, tuyaache. Radhi siitaki tena. Usiandike kitu."

Namwelewa. Gereji ni yake. Wakubwa wake Japani hawajui kwamba gari la maonyesho lilifunguliwa kabla ya kuonyeshwa.

Mhariri amepiga saa kumi. "Umeshinda. Safu unabaki nayo. Nyamaza tu."

Sikushinda. Waliosoma Jumapili bado wanaamini la kijivu ni porojo. Nimetuma faksi. Nimeandika kwamba nilipima gari lililotolewa thamostati, kwamba sikuuliza, na kwamba zilizotumika safari ya pili ni lita saba na nusu. Kwamba la mbio bado ni pambo. Injini katikati tunayo tangu zamani kwenye vipanya vya daladala, chini ya makalio ya dereva, na vinabeba mkaa. Kwamba haibridi ina nafasi hapa, siku kampuni itakapowafundisha mafundi kabla ya kuwaalika wabunge.

Chini nimeongeza kwa mkono: ichapwe yote, au nitaipeleka gazeti jingine.

Ijumaa, 15 Juni

Mhariri amepiga. Itachapwa. Safu si yangu tena.

Nimesema sawa. Sikuomba.

Jumapili, 17 Juni

Gazeti limefika kwa basi saa nane. Ukurasa wa kumi na moja, chini kabisa. "Nilikosea Kuhusu Haibridi." Nimesoma mara moja. Hakuna neno lililoguswa.

Ndahani amepita kwangu akitoka kanisani, suti ya kahawia, nakala yake mkononi. Alikaa barazani, akasoma kwa kidole, mstari kwa mstari. Alipomaliza akalikunja gazeti.

"Umejisema mwenyewe tu, mama."

"Gari nilipima mimi."

Akatikisa kichwa, akasogeza kikombe. Nikammiminia chai ya pili.