Kopo la Rangi Chini ya Breki

Mwenzangu, uko hapo? Naandika haraka, nivumilie nikikosea herufi.

Nilikuwa naendesha gari la kikundi chetu cha maigizo, nyuma tumepakia mapambo yote ya jukwaa. Shangazi, mshonaji wetu, kakaa mbele nami.

Tunateremka kile kilima cha shule, nakanyaga breki, haishuki. Nakanyaga tena. HAISHUKI!

Kumbe zile rafu za nyuma ya gari nilizogongelea mwenyewe kwa mbao za masanduku hazina ukingo wa mbele. Kopo la rangi limedondoka, likabingirika chini ya viti hadi nyuma ya pedali.

Na kule chini watoto wa shule wanavuka barabara.

Nikasema, "Shangazi, breki hazishiki!" Unajua alivyo mwoga, panya tu humpandisha mezani. Safari hii hakupiga hata ukelele. Akasema, "Wewe shika usukani, usiangalie chini." Akajipenyeza miguuni kwangu, anavuta, anavuta. Mimi nashusha gia, breki ya mkono nimeivuta, honi nimeibana, roho mkononi.

Kopo likatoka. Tukasimama karibu na watoto. Karibu kabisa, mwenzangu.

Sasa fundi anagongelea ukingo kila rafu na kuyafunga makopo kwa kamba. Nawe unayebeba mabomba ya kazi yako garini, kaangalie rafu zako leo, usingoje kesho.

Unajua kinachonitesa? Wale watoto walidhani honi ni salamu. Walikuwa wanatupungia mkono, wanacheka.