Mluzi Haukuwa Jina Lako, Baba

Baba yetu mpenzi, Mzee Twalibu Lukumani wa Isevya, leo tarehe 9 Machi 1976 mwaka umetimia tangu ulipotutoka huko Usinge. Kaka Abbasi alitaka tangazo hili liandikwe kwa upole. Nimeandika mimi, Batuli, na upole sina.

Miaka ishirini na saba ulikuwa hamali katika stesheni ya Tabora. Abiria wa Sikonge wakiwasili na madebe yao ya asali, uliwapokea kwa salamu ya kwao, "Mwangaluka!", kabla hujagusa debe. Mama mmoja aliyefagia vyoo vya stesheni ulimuuliza kila asubuhi habari za mguu wake. Bibi Jasoda wa duka la vitambaa ulimbebea sanduku huku mkibishana wajukuu wa nani watundu zaidi, na hakupanda garimoshi hata siku moja bila kusema, "Asante, Mzee Lukumani."

Nyumbani ulikuwa hivyo hivyo. Mama akikutengea ugali unamshukuru, naye anakucheka: "Kwani hapa hotelini?"

Sharti lako lilikuwa moja tu: salamu kwanza, mzigo baadaye. Ulilipata kwa babu yako, aliyebeba pembe za ndovu kwa miguu kutoka hapa hadi pwani. Ulitusimulia kwamba mpagazi wa Kinyamwezi akitukanwa aliketi juu ya mzigo wake, na msafara mzima ukaketi naye. Wakoloni walikuita "boi" una mvi kichwani, ukavumilia. Uhuru ulipokuja ukasema hiyo basi, sasa sote ni ndugu. Uliliamini neno hilo kuliko wanaolihubiri.

Agosti 1974 alikuja ofisa mmoja kutoka Dar es Salaam kutuhutubia uwanjani. Alisema "ndugu wananchi" mpaka sauti ikamkauka. Kesho yake akasimama stesheni kando ya masanduku yake matatu, akakupigia mluzi. Wewe ukamtazama gadi wa treni, kana kwamba ni yeye aliyepuliza filimbi. Akapiga tena, safari hii akikuita kwa kidole.

"Habari za asubuhi, ndugu," ulimwambia.

"Beba, we mzee, acha maneno."

"Mluzi ni wa mbwa, bwana, na filimbi ni ya garimoshi. Mimi naitwa…"

"Nani kakuuliza jina?"

Ukaketi juu ya sanduku lake. Hamali wenzako nao wakaketi. Garimoshi likaondoka, yeye na masanduku yake wakabaki.

Baada ya wiki mbili ikaja barua ya wakubwa wa reli: "Hamali huyu hana adabu kwa abiria." Wewe, baba! Walikutaka uombe radhi, ukakataa. Wakakupeleka Usinge kufyeka nyasi kando ya reli, mtu wa miaka sitini. Homa ikakukuta huko, peke yako. Tulipofika tulikuta umeshafunikwa shuka.

Mara tatu tumeomba maneno yale yafutwe kwenye jalada lako. Mara tatu wamekaa kimya. Hata kutujibu "hapana" wameona ni kazi, halafu asiye na adabu ni wewe.

Siku ya arobaini yako yule ofisa alikuwa Tabora kikazi, akaja kutoa pole. Alivua viatu mlangoni, hilo nakiri. Akasema, "Poleni sana, ndugu zangu, kwa msiba huu wa mzee… wa mzee…" Akageuka kumtazama dereva wake. Dereva naye hakujua. Alikuandikia mashtaka, akakutenga na mkeo, akaja kukulilia, na jina lako hakuwahi kulijua. Nilitaka kumfukuza. Mama akanishika mkono, akamwambia, "Karibu, mwanangu, keti unywe chai." Hakumtajia jina.

Basi namtajia mimi, hapa, wote wasome: TWALIBU LUKUMANI. Ndivyo alivyoitwa. Ofisa yule angetangulia kusalimu, angeambiwa siku ile ile.

Unakumbukwa na mkeo Mwamvita, ambaye bado anatenga sahani mbili, wanao Abbasi, Batuli na Mwanahawa, wajukuu zako tisa, Bibi Jasoda, na hamali wenzako wa stesheni ya Tabora, ambao hadi leo wakipigiwa mluzi huketi.

Hatutakusahau kamwe. Shikamoo, baba.