Nyimbo Tulizorekodi Kabla ya Bukoba

Rafiki yangu Novati,

Nilikudanganya. Zile kanda sikuzichoma.

Siku uliponiletea hapa Nkwenda, kanda tisa kwenye mfuko wa rambo, ulisema, "Jovina, zitie moto. Watu wameshasikia albamu tuliyorekodi Bukoba. Ya nini wasikie tulivyokuwa tunahangaika?" Nikakuitikia. Uliponiuliza wiki iliyofuata, nikasema zimeshakuwa majivu. Mungu anisamehe, nawe pia. Nilikuwa nimezifungia kwenye kopo la maziwa ya unga juu ya kabati, na hapo zikakaa miaka yote mpaka ulipotutoka.

Miezi mitatu baada ya mazishi, mkeo Adela alikuja dukani kwangu. Hakutaka hata kukaa. Alisema ile albamu ameisikiliza mpaka basi, maana humo unaimba tu, huongei. "Dada Jovina, wewe ulimpigia dramu miaka kumi. Huna hata mahali alipokohoa?"

Nikapanda kwenye stuli, nikalishusha kopo.

Fundi redio wa hapa alizifungua moja moja, akazihamishia kwenye kompyuta. Mbili zilikuwa zimeota ukungu, hazikufaa. Saba zimepona. Novati, ya kwanza ilipoanza kulia, tukasikika mle kwenye ghala la kahawa la Kiruruma tulikorekodia, nilishika ukingo wa meza. Jenereta linanguruma, mvua inapiga bati, gitaa lako limelegea nyuzi, na mimi napiga kama mtu anayefukuza nyani shambani. Watu walizoea kwaya, sisi watatu tukaja na roki! Katikati ya wimbo ukatusimamisha, ukacheka: "Jovina, unakwenda wapi? Tungoje na sisi!" Adela, kando yangu kwa fundi, akaficha uso kwenye kitenge. Nilidhani analia. Kumbe anacheka na wewe.

Tulipoamua kuzitoa zote kama albamu, nikagombana na Deus. Mpiga besi wetu sasa ni mwalimu mkuu, hata maongezi yake ni kama anasahihisha madaftari. Alitaka turudi studio, dramu zipigwe upya, sauti yako inyooshwe. "Tutachekwa," alisema. Nikamwambia, "Deus, kwenye wimbo wa tatu ulipotea kabisa, ukatukuta mwishoni. Nataka kila mtu asikie." Alininunia siku mbili. Siku ya tatu akapiga simu: "Haya, iache ilivyo. Ila uandike kwamba nilikuwa na miaka kumi na tisa." Tumeandika, kwenye jalada.

Wimbo mmoja ndio ulioninyima raha. Ule wa lugha yetu ya Kinyambo, ulioimba peke yako sisi tukiwa nje tunakula mahindi. Ulipogundua kwamba redio ilikuwa bado inarekodi, ulinikanya: "Huo hautoki. Mama akiusikia atadhani namwomba msamaha."

"Kwani humwombi?" nikakuuliza. Ukajifanya unakaza nyuzi.

Mama yako hakuwahi kuja kutusikiliza, hata mara moja. Alikupeleka seminari, ukamrudia na gitaa, na gitaa lenyewe akaliita ubao wa walevi. Sikuweza kuutoa wimbo ule kabla yeye hajausikia. Na kwenda kwake niliogopa. Nilimwambia Adela kesho, kesho, mpaka akanishika mkono.

Tulikwenda kwake Kituntu Jumamosi asubuhi, mimi, Adela na Deus. Tulimkuta nyuma ya jiko anamenya ndizi. Nikapiga goti. "Shikamoo, mama."

"Marahaba, mpiga madebe." Amezeeka, lakini ulimi wake bado.

Nikamweleza: kuna wimbo Novati alikuimbia wewe, mama, na hatuutoi bila neno lako. Deus akaweka spika ndogo juu ya ndoo iliyopinduliwa. Ukaanza kuimba jinsi alivyokuwa akikuita kutoka katikati ya migomba chakula kikiiva, na kila ubeti ukaitikia kwamba unakuja. Ubeti wa kwanza mama aliendelea kumenya. Wa pili kisu kikasimama.

"Rudia," alisema.

Tulirudia mara nne. Mimi nilikuwa natazama miguu yangu. Halafu akasema, "Hapo katikati amedanganya. Anasema nilimwita mara moja. Mara moja! Nilikuwa namwita mpaka majirani wananiitikia." Akacheka, na machozi yakamtoka hapo hapo, wala hakuyafuta kwa sababu mikono ilikuwa na utomvu.

"Utoeni," akasema. "Watu wasikie kwamba aliitika."

Tulikula kwake katogo, zile ndizi zimepikwa na maharage, tukaondoka jua limegeuka. Alitusindikiza mpaka barabarani. Adela ananiambia siku hizi mama humpigia simu kila Jumapili baada ya misa.

Albamu imetoka, Novati. Siku za gulio naisikia kwa wanunuzi wa maharage, na vijana wa bodaboda wameiweka kwenye flashi zao. Mgeni mmoja aliyetoka upande wa Uganda aliniuliza hii bendi ni ya vijana wa wapi. Nikamwambia wa hapa hapa, na ni vijana kweli kweli.

Mwezi ujao unatimiza mwaka tangu ututoke, na tutapiga uwanjani kwako. Nimeiamsha mikono yangu kwa mazoezi, mabega yanauma kama ya mkulima wa masika. Kuimba ataimba Deus. Unajua anavyoimba. Nakuahidi nitapiga dramu kwa nguvu zangu zote ili asisikike.

Lala salama, kaka. Safari hii sikudanganyi.

Jovina