Ruhusa ya Kusoma Majedwali Yote

Jumatatu, 2 Desemba
Wasichana wanne wapya kutoka Nyarero. Msimu wa kukeketa umeanza, nyumba yetu ya hifadhi imejaa. Nimewaingiza kwenye kanzidata: jina, umri, familia itakayowaficha. Halafu akaunti ya Marwa, karani mpya wa stoo. Alitakiwa aone jedwali la vyakula na magodoro tu. Nilikuwa na haraka, nikampa ruhusa ya kusoma majedwali yote. Nitapunguza kesho.

Jumatano, 4 Desemba
Umeme hakuna tangu jana. Sijapunguza.
Nyangi, mmoja wa wale wanne, miaka kumi na tatu, amepelekwa Kenyamonta kwa mama mmoja mjane. Kabla ya kuondoka alinicheka ninavyotamka majina ya Kikurya. Mtu wa Iringa mimi. Nitamkumbuka.

Jumatatu, 9 Desemba
Nyangi amechukuliwa. Baba zake wadogo wawili, mchana kweupe. Hawakuuliza njia. Walikwenda moja kwa moja hadi mlangoni. Mjane alipiga kelele, majirani wote walikuwa shambani.
Polisi wanatafuta. Sijala.

Jumanne, 10 Desemba
Nimefungua kumbukumbu za seva. Ijumaa asubuhi, umeme uliporudi, akaunti ya Marwa ilisoma jedwali la familia. Mstari mmoja tu. Wa Nyangi.
Nilimwita. Hakukana. "Baba yake ni ndugu yangu, dada. Walisema wanataka kujua tu kama mtoto ni mzima."
Nilimchukia. Kisha nikaona aibu. Asingeweza kusoma kitu nisichomruhusu.
Nilimweleza mkuu wetu, Mama Ghati. Akasema, "Andika hivyo hivyo kwenye taarifa. Na jina lako uliweke."
Nimeliweka.

Alhamisi, 12 Desemba
Marwa yuko polisi. Nimefuta ruhusa zote, nimeanza upya. Kila mtu anaona kazi yake tu. Jedwali la familia linasomwa na Mama Ghati na muuguzi wetu, basi. Mimi nimejiondoa, nenosiri kuu analo Mama Ghati.
Kazi ya asubuhi moja.

Jumamosi, 14 Desemba
Polisi wamempata Nyangi kijijini Machochwe, kwa shangazi yake. Wamechelewa. Alishakeketwa.
Yuko hospitali. Daktari anasema atapona. Nimelia chooni ili wasichana wasinione.

Ijumaa, 20 Desemba
Nyangi amerudi kwetu. Nilimwambia kosa langu lote, kwa maneno mepesi. Alisikiliza akitazama ukuta.
"Sasa nani anaweza kusoma nilipo?"
Nikamtajia wale wawili.
"Na wewe?"
"Mimi hapana."
"Sawa," akasema, akavuta shuka.

Jumapili, 22 Desemba
Mvua tangu alfajiri. Wasichana wamekaa kibarazani wanachambua maharage. Nyangi yuko kati yao, kwenye kiti chenye mto. Hacheki. Nilipopita aliniamkia shikamoo kama anavyomwamkia mgeni. Nikaitikia, nikaingia ndani.