Kiti cha Gari la Mwenyekiti

Jumapili

“Mkulima wa kahawa naye anastahili gari la kifahari,” alituhubiria leo baada ya misa wakala wa kampuni ya magari ya nje. Uongo! Wakala huyo hamtaki mkulima. Anamwinda mwenyekiti wa chama chetu cha wakulima, Mzee Ndunguru. Tangu mavuno amemwazima gari bure, ili tuzoee kumwona ndani yake. Kesho tunapiga kura: tulinunue, au tununue pikapu ya kubeba miche na wagonjwa.

“Mzee, hili litapanda huku kwetu Namswea masika?” nilimuuliza Ndunguru.

“Mwalimu, acha wivu. Hebu kaa kwanza.”

Nikakaa. Kiti kilinipokea vizuri mno hata nikasahau swali langu. Hicho ndicho kinachoniogopesha.

Wanachama wa Namswea, kesho pigeni kura kwanza. Asikae mtu humo!